Duke Kahanamoku baada ya medali: mwogeleaji, mwokoaji wa baharini, sherifu wa Honolulu

Kasikazi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jina la Duke Kahanamoku likitajwa katika majukwaa ya michezo, hutajwa kwa mambo mawili: medali zake za Olimpiki za 1912, 1920 na 1924, na ule ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ambao aliutembeza nchi za watu mpaka mchezo wa wenyeji wa Hawaii ukawa mchezo wa mataifa. Yote ni kweli, nami nitayagusa kwa kifupi ili asiyemfahamu asiachwe njiani. Hata hivyo, uzi huu nimeuleta kwa ajili ya miaka iliyobaki. Kahanamoku alichukua medali yake ya mwisho akiwa anakaribia miaka 34, akafariki akiwa na miaka 77. Katikati hapo ipo miaka zaidi ya 40 ambayo wasimulizi wengi huimaliza kwa sentensi moja, ilhali ndimo alimofanya jambo ambalo mimi naliweka juu ya medali zote, na ndimo tunamoona wazi ni kiasi gani wale waliomtumia kama nembo walikuwa tayari kumlipa.

Alizaliwa Honolulu tarehe 24 Agosti 1890, Hawaii ikiwa bado ni ufalme. Duke kwake si cheo, bali ni jina alilorithi kwa baba yake, ambaye naye alipewa kwa heshima ya mwana wa malkia wa Uingereza, Duke of Edinburgh, aliyevizuru visiwa hivyo mwaka 1869. Ufalme ulipinduliwa mwaka 1893, Marekani ikavitwaa visiwa mwaka 1898, na mtoto aliyekulia ufukweni Waikiki akaja kushindana chini ya bendera ambayo wazazi wake hawakuzaliwa chini yake.

Tarehe 11 Agosti 1911, katika maji ya bandari ya Honolulu, aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4, akaipita rekodi ya dunia ya Charles Daniels kwa sekunde 4.6. Chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani, AAU, kilikataa kuitambua rekodi hiyo. Wakubwa wa bara hawakuamini kwamba kijana wa visiwani asiyefahamika anaweza kufanya hivyo. Wakasema saa zilikosewa, wakasema mkondo wa bandari ndio uliomsukuma. Mwaka uliofuata alikwenda Stockholm akashinda mita 100 mtindo huru. Michezo ya 1916 haikufanyika kwa sababu ya vita. Mwaka 1920, mjini Antwerp, fainali iliogelewa siku aliyotimiza miaka 30, akashinda. Mwogeleaji wa Australia akalalamika kwamba alizibiwa njia, mbio zikarudiwa, na Kahanamoku akashinda kwa mara ya pili. Mwaka 1924 mjini Paris alipitwa na Johnny Weissmuller, kijana wa miaka 20. Duke akawa wa pili, na mdogo wake Sam akawa wa tatu.

Muda wote huo alifungwa na masharti ya ridhaa: mwanamichezo asilipwe kwa kuogelea mbele ya watu, asilipwe kwa kufundisha kuogelea, asijipatie riziki kwa kipaji chake kwa namna yoyote, la sivyo anapoteza haki ya kushindana. Kwa mtoto wa tajiri sharti hilo lilikuwa pambo tu. Kahanamoku alitoka katika familia yenye watoto tisa, na shule aliiacha kabla ya kumaliza. Kwake lilikuwa na maana kwamba bingwa wa dunia alirudi nyumbani na nishani, kisha akaanza kutafuta kibarua.

Daftari la Michezo

Mkuu Kasikazi, nakushukuru kwa mada nzito. Niongeze habari ya Stockholm, kwa kuwa inahusu uokoaji pia, ingawa wengi huisimulia kama habari ya uungwana peke yake.

Waogeleaji wa Marekani, Kahanamoku akiwamo, walikosa nusu fainali yao ya mita 100 kwa kutoelewa ratiba. Kwa kanuni walikuwa wametolewa. Aliyekuwa na nafasi kubwa ya kuchukua dhahabu baada ya wao kutoka alikuwa Cecil Healy wa Sydney, aliyeogelea kwa ajili ya timu ya pamoja ya Australia na New Zealand. Healy ndiye aliyesimama kuwatetea, akataka wapewe nafasi ya kuogelea, na wakapewa. Kahanamoku akachukua dhahabu na Healy akachukua fedha.

Sasa, huyo Healy alikuwa mwokoaji wa kujitolea katika ufukwe wa Manly. Waaustralia wakati ule walikuwa wameshajenga utaratibu wa vyama vya uokoaji baharini, na chombo chao kikuu kilikuwa gurudumu kubwa la kamba lililoanza kutumika Sydney miaka ya 1906 na 1907. Mwokoaji alivaa mkanda uliofungwa kamba, akaogelea mpaka kwa anayezama, na wenzake nchi kavu wakawavuta wote wawili kwa kamba hiyo. Kahanamoku aliyaona hayo kwa macho yake alipozuru Australia katika kiangazi cha 1914 kuingia 1915. Katika ufukwe wa Freshwater, kaskazini ya Manly, alichonga ubao wa msonobari walionunua hapo hapo Sydney, akaonyesha namna ya kusimama juu ya wimbi. Ubao huo ungali unahifadhiwa na chama cha waokoaji wa Freshwater hadi leo.

Healy hakuuona uzee. Aliuawa vitani nchini Ufaransa, Mont St Quentin, tarehe 29 Agosti 1918.

Kasikazi

Ahsante sana, Daftari. Umenifungulia mlango, maana ninachotaka kukieleza kinatokana na tofauti hiyo hiyo ya kamba na ubao.

Mwaka 1922 Kahanamoku alihamia Los Angeles. Alipata nafasi ndogo ndogo katika filamu: chifu wa kisiwa fulani, Mhindi Mwekundu, baharia, mtumishi. Siku zisizo na kazi alikuwa baharini. Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1925 alikuwa na marafiki zake ufukweni Corona del Mar, kwenye mlango wa bandari ya Newport, kusini ya Los Angeles. Bahari ilikuwa imechafuka. Mlango ule ulikuwa na sifa mbaya, kwa kuwa mawimbi makubwa yaliyotoka kusini yalipofika kwenye fungu la mchanga la mdomo wa bandari yaliinuka ghafla na kuvunjikia palepale ambapo vyombo vilipaswa kupita.

Mashua iliyoitwa Thelma, iliyobeba watu waliokuwa wakienda kuvua, ilijaribu kupita. Wimbi moja liliigonga na kuisimamisha injini, mengine yakaikuta imelala ubavu, na watu 29 wakatupwa majini wakiwa na nguo na viatu vyao. Kahanamoku alinyakua ubao wake akapiga makasia ya mikono kuelekea kwao, wenzake wakimfuata na mbao zao. Alikwenda na kurudi mara tatu. Watu 17 walikufa. Waliookolewa walikuwa 12, na kati yao wanane waliletwa ufukweni na Kahanamoku.

Naomba tulitazame jambo hili kama watu wanaoijua bahari. Mwogeleaji mwenye kasi kuliko wote duniani, au tuseme wa pili wakati huo, hakuogelea. Alikuwa na kipaji kile chote, na bado alichagua ubao. Angekwenda kwa mikono mitupu, huenda angemrudisha mtu mmoja, kisha nguvu zikamwishia.

Mlinzi wa Mkondo

Ndugu mleta mada, hapo umegusa kazi yangu. Nimefanya ulinzi wa ufukwe katika hoteli za pwani ya Kenya, na nimewafundisha vijana kazi hiyo, hivyo naomba nieleze kwa nini ubao hubadilisha kila kitu.

Anayezama hapungi mkono wala hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Kichwa hulala nyuma, mdomo huwa sawasawa na maji, unafunuka na kuzibwa, mikono inayakandamiza maji pande zote mbili kana kwamba anatafuta meza ya kuegemea. Hana pumzi ya kuita. Ukimfikia ukiwa huna kitu, wewe ndiye utakayekuwa hiyo meza. Atakukumbatia shingoni, atakupanda, na nguvu zake wakati huo si za kawaida. Waogeleaji hodari wamekufa kwa namna hii wakijaribu kuwaokoa ndugu zao, na kila mtu wa pwani anayo habari moja ya aina hiyo.

Ubao unasimama baina yenu. Unamsukumia, anaushika huo badala ya kukushika wewe. Akiwa hana fahamu, tunaupindua juu chini, tunaupitisha mkono wake juu ya mgongo wa ubao na kuukamata upande wa pili, kisha tunaupindua tena kuelekea kwetu, naye anakuja juu yake kifudifudi kwa uzito wake mwenyewe; hapo mwokoaji hulala nyuma yake, kidevu karibu na makalio ya mgonjwa, wakarudi pamoja. Tena ubao mmoja mrefu waweza kuwabeba wawili au watatu walioning'inia pembeni wakati unamshughulikia wa nne.

Ila tusisahau mbao za enzi zile. Zilikuwa mti mtupu, nzito mno. Hazikuwa na pezi chini. Pezi lilikuja miaka ya 1930. Maana yake ni kwamba katika wimbi lililovunjika ubao ule ulikwenda upande wowote uliotaka, na aliyeuongoza alifanya hivyo kwa kuburuza mguu majini. Kuupeleka nje kupitia mawimbi ya namna hiyo, kisha kuurudisha ukiwa na watu juu yake, mara tatu, ni kazi ambayo nikiifikiria nashindwa kuipa kipimo. Huku kwetu mwamba unatukinga, wimbi kubwa huvunjikia mbali, na wengi huchukuliwa na mikondo ya milango ya maji bahari inapokupwa. Pale Newport hapakuwa na mwamba wa kumpunguzia mtu chochote.

Bint Pwani

Maelezo mazuri, lakini nina swali kwa Kasikazi. Kahanamoku alikuwa ufukweni siku ile kwa starehe zake. Je, ni haki kumwita mwokoaji wa baharini kwa tukio la siku moja? Watu wengi wameokoa wenzao na hawajaitwa hivyo. Pili, unasema alidhulumiwa na masharti ya ridhaa, lakini Weissmuller aliogelea chini ya masharti hayo hayo na akaishia kuwa tajiri.

Kasikazi

Dada Bint Pwani, swali la kwanza ni la haki. Jibu langu ni kwamba uokoaji kwake haukuanza 1925. Vijana wa Waikiki wa kizazi chake, wale wa chama cha Hui Nalu alichoshiriki kukianzisha, walikuwa wakiwapeleka wageni baharini kwa mitumbwi na mbao, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuhakikisha mgeni anarudi akiwa hai. Hapakuwa na cheo wala mshahara wa serikali, ila kazi yenyewe ilikuwapo. Zaidi ya hapo, baada ya tukio la Newport walinzi wa fukwe za California walianza kuuchukulia ubao kama kifaa cha kazi. Tom Blake, mwogeleaji aliyevutiwa na bahari baada ya kukutana na Kahanamoku, alitengeneza ubao wenye uwazi ndani, mwepesi kuliko ule wa mti mtupu, nao ukaenea katika vituo vya uokoaji. Kwa hiyo hata ukimnyima cheo, huwezi kumnyima athari.

Swali la pili linajijibu lenyewe ukiitazama picha ya Weissmuller na ya Kahanamoku zikiwa pamoja. Weissmuller aliacha kushindana, akalipwa kutangaza nguo za kuogelea, na mwaka 1932 akaonekana kwenye sinema akiwa Tarzan. Kahanamoku alikuwa mrefu, mwenye umbo zuri na sura ya kupendeza, alishakaa Hollywood miaka kadhaa kabla ya mwenzake, na alijua maji kuliko yeyote aliyekuwa mbele ya kamera. Hakuwahi kupewa nafasi ya shujaa. Rangi yake ilimruhusu kuwa chifu wa kabila lisilo na jina, na baada ya hapo mlango ulifungwa. Siandiki haya kwa kumchukia Weissmuller, ambaye kwa kila ushahidi alimheshimu sana mzee wake. Naandika kwa sababu hoja ya kwamba wote walikuwa chini ya kanuni moja inasahau kwamba kanuni zilipoisha, mmoja alikuwa na mahali pa kwenda.

Alirudi Honolulu. Alikuwa msimamizi wa usafi na matunzo katika jengo la City Hall. Alisimamia vituo vya mafuta, akiwajazia watu magari yao kwa mikono yake. Watalii walikuja kujaza mafuta ili wapate kumwona, nami sijui kama kuna namna ya kuisoma habari hiyo bila kuona haya kwa niaba ya wengine.

Mzee wa Gati

Kasikazi, mwanangu, nakusoma kwa makini na sikubaliani nawe katika hili la kuona haya. Kazi ni kazi. Kujaza mafuta si fedheha. Tena wewe mwenyewe unajua kwamba mwaka 1934 wananchi wa Honolulu walimchagua kuwa sherifu, na wakaendelea kumchagua mara 13 mfululizo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni mwanamichezo gani unayemjua aliyeaminiwa na watu wake kwa zaidi ya robo karne? Tunawaona wanamichezo wetu wakitangazwa kuwa mashujaa wa taifa Jumatatu, na Ijumaa hakuna anayejua wanapolala. Huyu hakusahauliwa.

Halafu mzee hakuwa mnung'unikaji. Kila aliyemfahamu husema alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Mimi naogopa tunamvisha manung'uniko yetu.

Kasikazi

Mzee wangu, shikamoo. Naipokea sehemu kubwa ya uliyosema. Kuhusu kujaza mafuta, fedheha haikuwa yake na sikusudii kumpa. Na ni kweli hakuwa mtu wa kulalamika hadharani. Lakini ukimya wa mtu mpole haufanyi aliyotendewa yawe mema, hasa pale wanaonufaika na upole huo ni wengine.

Tuutazame usherifu wenyewe. Jina ni kubwa, na anayesoma kutoka mbali hudhani alikuwa mkuu wa polisi. Ukweli ni kwamba tangu 1932 polisi wa Honolulu walikuwa chini ya kamisheni na mkuu wa kuteuliwa. Sherifu alibakiwa na kusimamia jela ya mji, kupeleka hati za mahakama, na shughuli za uchunguzi wa vifo. Mwogeleaji yule alitumia miaka yake ya utu uzima akitunza wafungwa na kushughulika na maiti, na jioni akivaa shada la maua shingoni kwenda kumpokea mgeni mashuhuri gatini. Waigizaji, marais, wafalme, wote walipigwa picha naye. Cheo kile kilipofutwa, akateuliwa rasmi kuwa mpokea wageni wa Hawaii, yaani alipewa jina la kazi aliyokuwa akiifanya siku zote. Mwaka 1966 mama wa Malkia Elizabeth alipopita Honolulu, Kahanamoku, akiwa na miaka 75, alimfanya acheze hula, ngoma ya Kihawaii, kidogo pale uwanja wa ndege. Watu walifurahi sana, na mimi nikiitazama picha ile nafurahi pia.

Faraja halisi aliipata nyumbani. Mwaka 1940, akiwa anakaribia miaka 50, alimwoa Nadine Alexander, mwalimu wa dansi. Hawakujaaliwa watoto. Na fedha zilianza kuonekana katika miaka ya 1960, jina lake lilipowekwa kwenye mashati, kwenye ukumbi wa chakula na muziki huko Waikiki, na kwenye mashindano ya mawimbi yaliyoanza 1965 katika ufukwe wa Sunset, ambayo ya kwanza yalishindwa na Jeff Hakman akiwa na miaka 17. Yaani jina ambalo sheria ya ridhaa ilimkataza kuliuza akiwa na miaka 22 lilikuja kununuliwa akiwa na miaka 70 na zaidi. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 22 Januari 1968, na majivu yake yakapelekwa baharini mbele ya Waikiki.

Ndiyo maana nasema, Mzee wangu, kupendwa alipendwa, tena kwa dhati. Kulipwa ni suala jingine, na hilo la pili ndilo ambalo vyama vya michezo hupenda tulichanganye na la kwanza.

Mzee wa Gati

Marahaba. Hapo pa kupendwa na kulipwa tumekutana. Ila robo karne ya kura siiachii. Kura hainunuliwi kwa picha ya gatini peke yake.

Mlinzi wa Mkondo

Kwa wanaotaka kujua ubao uliishia wapi katika kazi ya uokoaji: haukuachwa. Leo waokoaji wa Australia, New Zealand, Afrika Kusini na Marekani wana ubao maalumu wa uokoaji, mwepesi, wenye vishikio pembeni, na katika mashindano yao kuna mbio ambazo mmoja hupiga makasia ya mikono juu ya ubao kwenda kumchukua mwenzake na kurudi naye. Kwa mwogeleaji, waokoaji wengi hubeba boya refu laini lililofungwa kamba begani. Hilo lilitengenezwa na Pete Peterson wa California katikati ya miaka ya 1930, naye pia alikuwa mpanda mawimbi. Mkononi mwa kijana wa ulinzi, vifaa vyote viwili vinafanya jambo moja: kumpa anayezama kitu cha kushika kisichokuwa shingo yako.

Bint Pwani

Nimeridhika kuhusu neno mwokoaji. Je, Kahanamoku ndiye wa kwanza kutoka Hawaii kufanya kazi hii California? Nimewahi kusikia jina la Freeth.

Kasikazi

Hapana, Dada, hakuwa wa kwanza. George Freeth, mzaliwa wa Honolulu mwenye damu ya Kihawaii na ya Kizungu, alitangulia. Alifika California mwaka 1907, akawa mlinzi wa kulipwa na mwalimu wa waokoaji. Desemba 1908, katika dhoruba huko Venice, alijitupa baharini mara kadhaa kuwafuata wavuvi wa Kijapani waliokwama katika mashua zao, na kwa ushujaa huo alitunukiwa medali ya dhahabu ya uokoaji. Kwa kuwa alilipwa kwa kazi ya maji, wenye michezo walimhesabu kuwa si wa ridhaa, na njia ya Olimpiki ya 1912 ikazibwa mbele yake. Alifariki San Diego mwezi Aprili 1919 kwa homa ya mafua iliyoenea dunia nzima, akiwa na miaka 35. Habari zake ni nyingi na zinastahili uzi wake. Mwenye nafasi aufungue, nami nitachangia.